Siku Mbili za Villarreal

Jina la mji lilikuwa kwenye boksi la vigae.
Nililisoma nimepiga magoti sebuleni kwa mtu,
huku Ediofe, Arua, saruji mbichi vidoleni:
Villarreal, herufi ndogo, chini ya picha ya glasi iliyovunjika.
Nikamwita Drani, saidia fundi wangu,
njoo uone, kumbe timu yetu na sakafu hii
zimetoka tumbo moja.

Tangu siku ile tunapanga.
Daftari ni la hesabu, la binti yangu,
katuachia kurasa tatu za mwisho
na onyo tusichafue jedwali la kuzidisha.
Alhamisi: basi la usiku mpaka Kampala.
Pakwach tunashuka kula samaki, hilo halina mjadala.
Ijumaa: Entebe. Ndege. Halafu ndege nyingine
(Drani ameandika Dubai na alama ya kuuliza
kubwa kuliko neno lenyewe).
Jumamosi: Valencia kukicha, kisha treni,
lisaa limoja, michungwa dirishani.

Kulala wapi?
Hapo ndipo tulipogombana.
Candiru, mwenye banda la mpira,
anayetunza hela zetu katika kopo la maziwa ya unga,
anataka hoteli yenye maji moto na ufunguo wa kadi.
Drani anasema usiku mmoja tu, stesheni ina mabenchi.
Mimi sikusema neno. Nilikuwa nawaza
nitakanyaga vipi njia za mji ule bila kuinama
kukagua mistari ya mafundi wao,
kama wao pia huficha kipande kilichokatwa vibaya
nyuma ya mlango.

Tena ligi ya kule haitaji saa mapema.
Mechi yaweza kuwa Jumamosi mchana,
yaweza kuwa Jumapili usiku, ndege yetu ikipasha injini,
yaweza hata kusukumwa Jumatatu,
na Jumatatu nina choo cha daktari cha kumalizia.
Candiru akachora Jumamosi mbili, moja ya wino,
moja ya penseli.

Kopo lina laki mbili na elfu arobaini.
Haijatosha viza ya mguu wangu mmoja.
Hakuna aliyelitaja hilo. Tulirudi kwenye mambo ya maana:
jezi tuvae tangu Arua, au tuzifiche mpaka langoni?
Unga wa muhogo utapita forodhani?
Nani atapiga picha, nani atapigwa?

Anguyo alikuwa kimya muda wote.
Yeye ndiye husimama kando ya runinga kila wikendi,
sauti ya mtangazaji kaizima,
anatupigia mpira kwa Kiswahili na Kilugbara,
winga anamfanya mwana wa shangazi yake,
kipa anamlaumu kama aliyekopa jembe asirudishe.
Akauliza:
Na kule uwanjani, nani atatangaza?

Tukatazamana.
Hakuna. Kule watu wanatazama tu.
Mpira unakwenda, wewe mwenyewe ujijulishe
ni nani kauchukua, kwa nini kaupoteza,
mama yake anaitwaje.

Candiru akavuta daftari, akafuta hoteli,
akaandika kiti cha nne, katikati yetu,
si pembeni, asikike pande zote.
Sasa tunahitaji viza nne.
Drani akapiga hesabu nyuma ya mkono kwa peni,
akalamba kidole, akaifuta.

Jumamosi hii tunacheza nao ugenini, saa nne usiku,
umeme ukikubali.
Nimekuja na kigae kimoja cha manjano,
kilibaki kwa yule bwana wa Ediofe, kona imemeguka kidogo.
Nakipanga kizingitini mwa banda.
Anguyo ananiambia niache, nitachelewa, wanaingia uwanjani.
Ngoja, namwambia. Bado haijashika.
Rukeni.